Mwanga wa Maji na Mpaka wa Spishi: Kisa cha Furu wa Ziwa Victoria

Katika mialo ya Mwanza, samaki wale wadogo wenye miiba mgongoni huitwa furu, na jina hilo moja humtosha mchuuzi, mlaji, na hata mvuvi anayewatafuta kwa ajili ya chambo cha sangara. Mimi pia nilikua nikiwaita hivyo. Nilikuwa mtu mzima nilipojua kwamba ndani ya jina hilo mna spishi zinazokadiriwa kuzidi 500, ambazo nyingi hazipatikani penginepo popote duniani, na kwamba wanasayansi wanaotaka kuelewa jinsi spishi mpya zinavyozuka husafiri kutoka mbali kuja kuwachunguza samaki ambao sisi tuliwakaanga kwa mafungu bila kuwatazama mara mbili.

Shuleni tulifundishwa kwamba viumbe wawili ni wa spishi moja iwapo wanaweza kuzaana na kupata watoto ambao nao wanaweza kuzaa. Mfano wa kila mwaka ulikuwa baghala: farasi ana kromosomu 64, punda ana 62, na mtoto wao hubaki na 63, ambazo haziwezi kupangika katika jozi kamili wakati wa kutengenezwa mbegu za uzazi, kwa hiyo karibu kila baghala ni tasa. Mfano huo ni wa kweli, lakini naamini umetuachia picha potofu, kwani mwanafunzi huondoka darasani akidhani kwamba kati ya spishi na spishi daima pana utasa, na kwamba ukuta huo ukishajengwa haubomoki. Mwanabiolojia Ernst Mayr, aliyeieneza fasili hiyo kuanzia mwaka 1942, alizungumzia makundi ya viumbe yanayozaana katika mazingira yao ya asili na yaliyotengana kiuzazi na makundi mengine, wala hakudai kwamba ni lazima chotara awe tasa. Utengano wa uzazi una njia nyingi. Viumbe wanaweza kutofautiana katika majira ya kuzaliana, katika mahali pa kuzalia, katika mlio, harufu au rangi inayomvutia jike, na yote hayo hufanya kazi kabla yai halijakutana na mbegu. Utasa wa chotara mara nyingi huja baadaye sana, na pengine usije kabisa.

Hakuna mahali ninapoujua ukweli huu ukionekana wazi kuliko katika visiwa vya mawe vya kusini mwa Ziwa Victoria. Huko wanaishi furu wawili wa jenasi iliyopewa jina Pundamilia, kwa sababu ya mistari myeusi inayowashuka ubavuni. Mmoja ni Pundamilia pundamilia, ambaye dume wake ana rangi ya buluu iliyofifia kuelekea kijivu. Mwenzake ni Pundamilia nyererei, ambaye dume wake ana mgongo mwekundu na ubavu wa manjano. Huyu wa pili alielezwa kisayansi mwaka 1985 na kupewa jina kwa heshima ya Mwalimu Nyerere, mwaka uleule Mwalimu alipong'atuka. Majike wa spishi zote mbili hawana mapambo hayo na hufanana mno, wakiwa na rangi ya manjano iliyochanganyika na kijivu. Ukimchukua jike wa spishi moja na dume wa nyingine, ukawaweka katika tangi ambamo hakuna chaguo jingine, watazaana, na watoto wao watakuwa wazima na wenye uwezo wa kuzaa. Hapa hakuna baghala. Lakini katika maji maangavu yanayozunguka kisiwa cha Makobe, samaki hawa huishi kwenye mwamba mmoja na hawachanganyiki.

Kinachowatenganisha ni jicho la jike. Mwanga unapozama majini haushuki wote kwa pamoja, kwa kuwa chembechembe zilizomo huuzuia ule wa buluu upesi zaidi, hivyo kadiri unavyoshuka ndivyo mwanga uliobaki unavyoelekea wekundu. Pundamilia pundamilia hukaa karibu zaidi na uso wa maji, na nyererei hukaa chini yake kidogo. Vizazi kwa vizazi, jeni inayoongoza utengenezaji wa protini moja ya kuonea imebadilika tofauti katika spishi hizi mbili: jicho la nyererei hunasa vizuri zaidi mwanga wenye wekundu, na la mwenzake hunasa vizuri zaidi mwanga wa mawimbi mafupi. Jike aliye chini humwona dume mwekundu aking'aa, na jike aliye juu humwona dume wa buluu, naye kila mmoja humchagua yule anayemwonekania vizuri. Baada ya hapo jike hubeba mayai mdomoni mwake na kuyaatamia humo hadi watoto waweze kuogelea. Makosa ya uchaguzi yana gharama kubwa kwake, ndiyo maana naona si ajabu hata kidogo kwamba amekuwa mteuzi.

Watafiti walilithibitisha jambo hili maabara kwa njia ambayo naipenda kwa unyofu wake. Waliwapa majike nafasi ya kuchagua kati ya madume wa aina zote mbili chini ya mwanga mweupe, nao wakawachagua wa aina yao. Kisha wakabadilisha mwanga, wakaweka wa rangi ya chungwa ambao ndani yake wekundu na ubuluu havitofautiki, na majike wakapoteza upendeleo wao. Samaki hawakuguswa wala jeni zao hazikubadilishwa. Kilichobadilika ni taa tu, na mpaka wa spishi mbili ukafutika.

Jaribio hilo limekwisha kufanyika ziwani bila mtu kulipanga. Ukisafiri kutoka Makobe kuingia ndani zaidi ya Ghuba ya Mwanza, maji huzidi kuwa ya matope kadiri unavyosonga kusini, na ukifika kisiwa cha Luanso hukuti tena makundi mawili. Unakuta kundi moja lenye madume wa rangi za kila namna kati ya wekundu na ubuluu, na jeni za macho zimechanganyika bila kufuata rangi ya mwili. Katika maji hayo mwanga hubadilika ghafla ndani ya kina kidogo sana, hivi kwamba samaki anayepanda na kushuka kutafuta chakula hupita katika mianga yote kwa siku moja, na jicho lake halipati nafasi ya kuuzoea mmoja.

Ipo njia nyingine ya kuzaliwa kwa spishi ambayo wengi huifahamu, nayo ni ya kutenganishwa na ardhi au maji, kama Mto Kongo unavyowatenga bonobo wa kusini na sokwe wa kaskazini. Njia hiyo haina ubishi. Ya furu inanigusa zaidi kwa sababu hapana mto wala mlima kati yao, na kwa sababu ya kasi yake: ziwa lilikuwa limekauka, likaanza kujaa tena yapata miaka 15,000 iliyopita, na mamia ya spishi zimepatikana katika muda huo ambao kwa hesabu za mageuko ya viumbe ni mfupi mno.

Sasa nije kwenye linaloniuma. Kwa miaka mingi tumezungumzia kupotea kwa furu kama kosa la sangara peke yake. Ni kweli kwamba sangara alipandikizwa ziwani kuanzia miaka ya 1950, kwamba aliongezeka mno katika miaka ya 1980, na kwamba alikula furu wengi. Lakini mwamba wa Luanso haukuliwa na sangara. Mbolea na udongo unaosombwa kutoka mashambani, majitaka ya miji yetu inayokua, na misitu iliyofyekwa vimelijaza ziwa nitrojeni na fosforasi, mwani umestawi, na maji yamepoteza uangavu. Spishi inaweza kupotea kwa namna hiyo pasipo samaki hata mmoja kufa, nasi tukiendelea kuhesabu kilo za mavuno tutasema furu wapo. Kwa maoni yangu, uangavu wa maji unapaswa kuhesabiwa kuwa makazi ya viumbe sawasawa na mwamba na mwanzi wa ufukweni, na kisahani cheupe cha kupimia uangavu huo, kinachoshushwa kwa kamba mpaka kisionekane, kinastahili nafasi katika kila taarifa ya uvuvi.

Wako watakaonijibu kwamba uchotara ni jambo la asili na wala si msiba. Hoja hiyo ina uzito, tena furu wenyewe ni ushahidi wake, kwa kuwa uchunguzi wa jenomu, yaani jumla ya taarifa za kurithi za kiumbe, unaonyesha kwamba wametokana na mseto wa kale wa koo mbili, moja ya upande wa Kongo na nyingine ya upande wa Mto Nile wa juu, na mseto huo ndio uliowapa akiba ya jeni za kugawanyika upesi. Zaidi ya hayo, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha kwamba ndani ya Ghuba ya Mwanza jozi nyingine ya furu, mwekundu na wa buluu, inayofanana sana na ile ya Makobe, ilizaliwa upya baada ya spishi za awali kuchanganyika. Lakini jozi hiyo inapatikana kwenye visiwa ambavyo maji yake bado yanaruhusu mwanga wa juu na wa chini utofautiane kwa utaratibu. Luanso, kilicho ndani zaidi katika ghuba hiyohiyo, kina miamba na kina samaki wenye jeni za pande zote mbili. Kilichokosekana hapo ni mwanga.