Daieti Jumatatu, Kabati Limejaa

Mombasa hii kila mtu aanza daieti Jumatatu ya baada ya Idi. Hakuna aanzaye Alhamisi. Watu wakimbilia kununua mizani na shayiri, watangaza kwa jamaa wote mpaka muuza kahawa wa pale kona ajua, na huku nyumbani wameacha nusu kilo ya halua, bakuli la visheti, chupa ya soda ya lita 2 iliyobaki nusu, krispi za muhogo, mahamri ya jana, bati la biskuti na mkebe wa mabuyu ambao hakuna anayekiri kuununua. Hivyo vyote vinakwenda wapi? Swali hilo halina mwenyewe.

Kuna wale wa "acha nimalize leo ili kesho nianze safi". Yakhe, hesabu haikubali. Gramu moja ya sukari ni kalori 4, gramu ya mafuta ni 9, na halua si kitu kingine ila sukari, wanga na samli, na iliki ya kukuhadaa. Nusu kilo yake hukaribia kalori 2,000. Mtu wa kilo 70 akitembea mwendo wa kawaida huchoma kalori 250 mpaka 300 kwa saa. Basi hiyo halua ya "kumaliza" ni kama saa saba za miguu: utoke mjini, ulivuke daraja la Nyali, ufike Mtwapa, urudi, na tuktuk zote zikupigie honi njiani ukatae kupanda. Hapo visheti bado hatujavigusa.

Wengine wasema watatupa. Thubutu! Kwanza utupe mbele ya nani? Nyumba ina bi mkubwa, na bi mkubwa ana maneno juu ya israfu ambayo utayasikia mpaka Idi ya pili. Ukimvizia amelala, ukatia kila kitu kwenye pipa la uchochoroni, wako kunguru. Kunguru wa Mombasa hawana staha. Kabla ya saa moja asubuhi wameshapasua mfuko, maganda ya biskuti yametandazwa kutoka mlangoni kwako mpaka dukani, paka wamekaa duara kama baraza la wazee, na mtaa mzima wasoma ulichokuwa ukila usiku. Kama ni lazima kutupa, kwa sababu kitu kimevunda au kimeota ukungu, kitoe kwenye pakiti, kimwagie majani ya chai yaliyokwisha kutumika, kifunge kwa karatasi nzito, halafu kitoke asubuhi karibu na saa ya wazoa taka kupita, kisilale nje. Majani ya chai yana kazi mbili. Yanaua harufu, na yanakuzuia wewe mwenyewe kurudi saa sita za usiku kuangalia kama ile pakiti ilikuwa imefunguka kweli.

Mwenye akili atasema: gawa. Hapo ndipo mji huu unapokumaliza. Umpakulie jirani sahani ya visheti, umpe mtoto apeleke, ujione umetua mzigo. Sasa ni nani Mombasa anarudisha sahani tupu? Ni aibu, ni kukosa adabu, mama yake hakumlea hivyo. Sahani yako itakaa kwake siku mbili, kisha itarudi imefunikwa kitambaa, na chini ya kitambaa mna vitumbua kumi, au mkate wa sinia ambao haungoji kesho kwa sababu una tui la nazi na joto letu huuchachusha. Nawe kwa adabu ile ile utampelekea kitu. Umempa visheti ili upungue, mwisho wa wiki mmeongezeka nyote wawili na mapenzi yamezidi.

Dawa yake ni chombo kisichorudi. Usitoe sahani, usitoe bakuli, na hotpoti usiiguse kabisa. Tia kwenye mfuko wa karatasi ya khaki, au kwenye mkebe wa maziwa ya unga uliooshwa na kukaushwa. Gazeti usifungie kitu cha mafuta, wino wake huloa ukaingia kwenye chakula. Na chagua mtu wa kumpa. Mlinzi wa usiku anayekesha getini ana haja na kisheti kuliko wewe unayekaa kwenye kiti. Wasukuma mikokoteni wa Marikiti wachoma kalori zao kabla ya saa nne. Pakiti ambazo hazijafunguliwa zipeleke madrasa, lakini umkabidhi mwalimu agawe kidogo kidogo, usiwamwagie watoto wote sukari saa ya alasiri kisha ukaondoka ukamwachia maalimu msiba.

Soda nayo ina njia yake, nami nashangaa watu hawaioni. Soda ya kola ina sukari gramu 10 na nusu hivi kwa kila mililita 100. Chupa ya nusu lita ina gramu 50 na ushei, yaani vijiko vya chai kumi na tatu. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2015, lasema sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na afadhali iwe chini ya asilimia 5, ambayo kwa mtu mzima ni kama gramu 25. Kwa hiyo chupa moja ni mgao wa siku mbili, na ulikuwa unateremshia biriani. Sasa, kila fundi wa mji huu, awe wa mfereji, wa stima au wa rangi, akimaliza kazi husimama mlangoni, hujikuna, hutazama juu, husema, "Na ya soda, bosi?" Mpe! Mletee soda yenyewe, baridi, na bilauri. Utaona uso unavyobadilika. Hana la kusema, umetekeleza neno kwa neno. Ile iliyofunguliwa na kutoka gesi mwaga tu, wala usianze hadithi za kuipikia kuku.

Vinavyostahili kubaki ni vichache, na vingi vyabaki kwa makosa ya kuhifadhi. Halua usiitie kwenye friji. Samli yake huganda, halua huwa ngumu, nawe utaanza kuipasha ili ilainike, na aliyekwisha kuipasha halua hali kipande kimoja. Iache nje kwenye chombo cha kufunika, sukari yake nyingi yaitunza muda mrefu. Ikate siku ile ile vipande vya ukubwa wa kibiriti, kila kimoja na karatasi yake. Kufungua karatasi ya pili kunatia haya kidogo. Kukata kwa kisu moja kwa moja kwenye chombo hakutii haya hata chembe, maana kila ukikata mstari haunyooki, na ni lazima uunyooshe.

Mahamri na sambusa vipeleke kwenye friza, lakini visitupwe humo vyote kwa fungu moja. Vipange kwenye sinia visigusane, viache vigande, ndipo uvitie kwenye mikebe, viwili viwili. Ukivitia vikiwa moto vitafanya barafu ya mvuke, na vikiyeyuka vitakuwa vimelowa. Ukivitia kumi pamoja vitashikana, na ukitaka kimoja itabidi uyeyushe kumi, na vilivyokwisha kuyeyuka vyataka kuliwa. Huo ndio mtego. Hamri lililoganda lataka dakika kumi na tano kwenye kikaango kikavu, moto mdogo, kifuniko juu. Uroho mwingi hauna subira ya dakika kumi na tano. Njaa ya kweli inayo.

Tatizo ni stima. Zikikatika usifungue friza kwenda kuangalia, na wote nyumbani uwakataze. Friza iliyojaa ikibaki imefungwa hukaa baridi kama saa 48, iliyojaa nusu ni saa 24, na friji ya kawaida ni saa 4 tu. Lakini Mombasa stima zikikatika kila mtu ana sababu ya kufungua. Huyu anatafuta maji, yule anatafuta barafu, wa tatu anaona huruma: "Hizi sambusa za nyama zitaharibika, tuzileni." Daieti ngapi zimevunjwa gizani kwa huruma!

Krispi za muhogo ndizo pekee ambazo hewa yetu yazikomesha bure. Wanga uliokaangwa ukakauka huvuta maji, na unyevu wa hapa pwani mara nyingi wapita asilimia 70. Fungua pakiti alasiri, iache wazi mezani, baada ya isha zimelegea, hazina mlio, hazina heshima. Watu watazifufua kwenye kikaango kikavu dakika tatu, na kweli zarudi. Mimi nasema marehemu aachwe apumzike. Na usiwatupie kuku wa jirani, chumvi ile si yao.

Viazi karai na bajia mimi sivijadili. Ni vya kuliwa vikiwa moto, na anayeviweka mpaka asubuhi ule unga wa nje umeshakunywa maji ya kiazi. Tatizo ni mafuta yaliyovikaanga. Kila nyumba ina lile sufuria nyuma ya jiko, na maadamu lipo, kila kitu kitaonekana chafaa kukaangwa. Mafuta yakiwa meusi, yakitoa povu, au yakifuka moshi kabla hayajapata moto sawasawa, kazi yake imekwisha. Usimwage kwenye sinki. Yaache yapoe, yachanganye na jivu au vumbi la mbao mpaka yashikane, ndipo uyatupe. Ukimwaga kwenye bomba utamwita fundi, naye soda zimeshakwisha.

Mabuyu ukiyaosha sukari yatoka, rangi yatoka, na hamu yatoka. Bora ununue yasiyopakwa kitu, uyaroweke uyakoroge upate juisi isiyotiwa sukari, kali ya kukunja uso.

Linabaki bati la biskuti. Lile huwezi kuligusa, kwa sababu ni "la wageni". Mombasa huwezi kukaa nyumba isiyo na kitu cha kumtilia mgeni kwenye kisahani, hata uwe na daieti ya daktari. Basi nunua zile usizozipenda wewe. Weka bati ndani ya sinia lenye maji kidogo, sisimizi wasivuke, na liwe juu ya kabati unakohitaji kupanda kigoda. Likae hapo, limengojewa kwa nidhamu, limepanguswa vumbi. Kisha jioni mgeni abishe hodi, umkaribishe, upande kigoda, ulishushe, umpangie biskuti sita na umwekee chai. Atakisukuma kisahani kwa vidole viwili, polepole, mpaka kikufikie wewe.

"Ahsante, lakini mimi chai kavu tu, shoga. Nimeanza daieti Jumatatu."