Kufuli Limegoma na Mimi Niko Nje

Jamani hili kufuli sijui nimelikosea nini. Mvua inanyesha, ufunguo umeingia nusu, hauendi wala haurudi, na mimi mtu mzima mwenye heshima zangu nimekumbatia geti hadharani. Bawaba nazo zinalia mpaka mtaa mzima unajua saa ninayorudi. Baiskeli nimeshaacha hata kuiangalia.

Sasa katikati ya kuhangaika anatokea mtoto wa jirani, yuko sekondari, ana mwamvuli, mkavu kabisa. "Anko, hiyo ni kutu." Nikamwambia asante mwanangu, nilikuwa nahisi hivyo. Kumbe ndo nimefungulia bomba! "Anko, maji peke yake hayaleti kutu, oksijeni peke yake nayo hapana, mpaka vyote viwili vikikute chuma. Ukichemsha maji hewa ikatoka, ukatia msumari, juu ukamwaga mafuta, msumari unakaa safi." Nikasema basi tulichemshe kufuli. Hakucheka, akaendelea tu eti chuma kinaachia elektroni, vile vichembe vidogo vya umeme, sehemu moja, zinapita humohumo ndani ya chuma, sehemu nyingine oksijeni na maji yanazipokea, na kukiwa na chumvi ndo shughuli inakwenda mbio. Mi navuta, nasukuma, jasho linadondokea kufuli, akalitazama kwa huruma. "Anko, na jasho lina chumvi."

Nikamuuliza kwa hasira, mbona alumini haina visa hivi? Akasema inayo, ila ikikutana na oksijeni inajitengenezea utando mwembamba unaong'ang'ania palepale, hewa haipiti tena. Kutu ya chuma haina adabu hiyo, inavimba, inachukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe kilicholiwa, inabanduka, maji yanapata njia ya kwenda kula cha chini. Ndo maana ufunguo haugeuki, mle ndani kumevimba! Afadhali mabati, yana zinki juu, zinki inakubali kuliwa kwanza ili chuma kipone, wakati mi hapa ndugu wa damu hata simu hapokei.

Eti ningepaka grisi mapema. Eti mnara wa Eiffel wa Paris ni chuma, uko nje tangu 1889 na bado umesimama kwa sababu unapakwa rangi karibu kila miaka 7, tani 60 hivi kwa mkupuo. Tani 60! Na hili geti fundi aliniapia rangi yake ni ya maisha, mvua ya kwanza tu ikaanza kubabuka, nikimpigia anasema yuko njiani, njia gani hiyo isiyofika?

Mama yake akamwita, akaondoka na mwamvuli wake.

Halafu dhahabu, ambayo haishiki kutu hata uizamishe baharini, hiyo ndo watu wanaificha ndani pakavu, wanaifungia kwenye sefu. Sefu la chuma!