Kamba kochi kwenye maji ya moto, anaumia au anajirusha tu?

Juzi Mikindani kwa dada, mvuvi kaleta kamba kochi wawili wazima. Wa kwanza kaingizwa kwenye sufuria inatokota, mkia ukawa unagonga mfuniko kama nusu dakika hivi, kisha kimya. Nikauliza, ivi huyu haumii? Wakanicheka. Shemeji akasema cha baharini hakichinjwi, huyo hana akili ya kujua anakufa, ni mwili tu unajirusha.

Na hoja yake si ya kipuuzi. Mkia wa mjusi ukikatika unaruka vilevile na hakuna anayeumia mle ndani. Chaza hana hata ubongo, huyo mi nakula bila kuwaza. Halafu akanibana kweli, tukianza na kamba kesho si mtatwambia tuwaonee huruma na mbu wa mikorosho? Hapo jibu zuri sina.

Ila kuna jaribio la Belfast, Ireland ya Kaskazini, la 2009 halinitoki kichwani. Mtafiti wa tabia za wanyama Robert Elwood na mwenzake walichukua wale kaa wanaokaa kwenye magamba ya konokono, wakawapiga shoti kidogo ya umeme humohumo ndani. Waliokuwa kwenye gamba wasilolipenda walitoka kirahisi zaidi, waliopata gamba zuri wakavumilia. Sa we fikiria, mkia wa mjusi unapiga hesabu ya nyumba? Huyu ni kama mpangaji, anapima kero na ubora wa chumba ndo aamue kuhama. Sawa, kupima si lazima kuwa kuhisi, hata mashine inapima, lakini kauli ya "mwili tu unajirusha" hapo ishapwaya.

Uswisi walipiga marufuku kumchemsha kamba kochi akiwa mzima 2018, na Uingereza 2022 wakawaingiza kaa, kamba na pweza kwenye sheria ya wanyama wenye hisia, baada ya timu ya Jonathan Birch, mwanafalsafa wa London, kupitia tafiti zaidi ya 300.

Watu wakisikia hivi wanadhani tunakatazwa kula. Nani kakataza? Mama zetu wakichokoa pweza maji yakitoka, wanamgeuza kichwa palepale mwambani, anakufa ndo kipigo cha kumlainisha kifuate. Hakuna aliyewafundisha sheria ya Uingereza. Kumpasua kamba kwa urefu kuanzia kichwani ni sekunde chache, nikiwa nimekosea nimepoteza hizo tu, shemeji akiwa kakosea ni ile nusu dakika ya kugonga mfuniko.

Wa pili dada alimpasua kwanza, akanisogezea sahani, "haya daktari wa kamba, kula." Nikala.