A-Rod kurudi 2015: nyama haramu, mchuzi halali

Sisi tunaofuatilia besiboli kwa Kiswahili pengine tunaenea kwenye Noah moja, lakini ishu ya Alex Rodriguez (A-Rod), mpigaji aliyefungiwa kwa dawa za kuongeza nguvu, kurudi kwenye timu yake ya New York Yankees 2015 ikitajwa tu humo ndani panawaka. Kuna wanaosema mashabiki waliomshangilia siku ya kwanza ya msimu pale Bronx, nyumbani kwa Yankees, hawana aibu, wamempigia makofi mwizi. Mi nilikuwa nashangilia roho ikiwa upande, na naona wanatuonea.

Wenye hasira wana hoja, sikatai. Jamaa alikiri Februari 2009 kwamba alitumia dawa za kuongeza nguvu akiwa timu ya Texas Rangers, 2001 mpaka 2003, akaomba msamaha, tukameza. Afu ikaja skendo ya Biogenesis, ile kliniki ya Florida iliyokuwa ikiwapa wachezaji dawa hizo, kumbe mchezo haukuisha. Na badala ya kutulia akaenda mahakamani, kashtaki ligi, kamshtaki daktari wa timu, mpaka chama cha wachezaji ambacho kazi yake ni kumtetea yeye. Na wale waliocheza safi wakaishia ligi za chini, nafasi zao wanadai kwa nani? Hapo sina jibu.

Ila adhabu si aliitumikia jamani? Kamishna wa ligi alitaka afungiwe mechi 211, msuluhishi akazishusha mpaka 162, msimu mzima wa 2014 yuko nje na mamilioni ya mshahara yameyeyuka. Akarudi na barua ya kuomba radhi aliyoiandika kwa mkono, umri unagonga 40, nyonga zote mbili zimeshapita kwenye kisu, wengi wanasubiri aumbuke. Akapiga homurani 33, yaani yale mapigo ya kuupeleka mpira nje ya uzio. Ndio, kuanzia Agosti pumzi ilikata na wastani wake wa upigaji ukaishia .250 (anafanikiwa mara moja katika nne), lakini bila yeye sioni Yankees wangefikaje hata ile mechi ya mtoano waliyochapwa 3-0 na Houston.

Sasa kinachonikera mi ni ile dola milioni 6. Pembeni ya mkataba wake wa 2007 kulikuwa na makubaliano kwamba akizifikia rekodi kubwa za homurani, ya kwanza ikiwa 660 za gwiji wa zamani Willie Mays, klabu inamlipa milioni 6 kwa kila hatua, maana wao wangeipigia biashara hiyo rekodi. Mei 1, 2015, wako uwanja wa Fenway kwa mahasimu zao Boston, matokeo 2-2, inningi (kipindi) ya nane kati ya tisa, kocha anamtoa benchi akapige badala ya mwenzake, na jamaa anautwanga mpira unapita juu ya ule ukuta mrefu wa kijani, 660 hiyo, mechi inaisha 3-2. Klabu ikasema hailipi, eti rekodi ishachafuka haiuziki. Haya, kama imechafuka mbona ile pointi hawakuirudisha kwa Boston? Ushindi wameuchukua, tiketi wameuza, bonasi tu ndo ikawa haramu. Subiri, bado. Juni 19 akagonga hiti yake ya 3,000 (pigo linalomfikisha mpigaji salama angalau kituo cha kwanza), nayo homurani, mrushaji wa wapinzani ni Verlander, shabiki aliyeudaka mpira akagoma kuutoa, basi klabu hiyohiyo ikaahidi dola 150,000 kwa shirika la misaada ili mpira upatikane, na Septemba wakamfanyia sherehe uwanjani! Yaani 660 ni uchafu, 3,000 ni sherehe, mwili uliopiga ni mmoja. Lile deni lenyewe walilimaliza Julai kwa kukubaliana milioni 3.5 ziende kwenye misaada, yeye hakuonja hata senti. Na ubingwa wa Yankees wa 2009, mwaka uleule aliokiri, sijasikia mtu karudisha pete.

Kwa hiyo ukitaka kugawa aibu anza na ofisini, huyu wa jukwaani aliyelipa tiketi yake hakusaini mkataba wowote, kaona mzee aliyefungiwa karudi anapiga, kashangilia. Kushangilia hakumaanishi kasahau, mi mwenyewe kila homurani ya mwaka ule niliitazama mara mbili, ya kwanza kwa furaha, ya pili najiuliza hii nayo ni safi kweli? Na huko Cooperstown kwenye jumba la magwiji, ambako unatakiwa upate kura 75%, mwaka wake wa kwanza 2022 waandishi walimpa 34.3%, na wala sikulalamika, ila kama anarudi kesho uwanjani makofi napiga.