Chumba cha watu wanne na hesabu ya bumu

Kila vyuo vinapokaribia kufunguliwa, mzazi mwenye uwezo kidogo huuliza swali lilelile: mwanangu wa mwaka wa kwanza akalale hosteli na watu watatu asiowajua, au nimpangie geto, yaani chumba chake mwenyewe mtaani, Sinza au Changanyikeni hapa Dar es Salaam, asome kwa utulivu? Wengi ninaowasikia siku hizi wanaegemea geto.

Sababu zao nazijua. Katika chumba cha wanne kuna anayekoroma, kuna wa kuongea na simu hadi saa nane usiku, na hakosi wa kuchomeka hita ya maji kwenye ekstensheni iliyokwisha kubeba pasi, mpaka korido nzima inaingia giza. Wiki ya mitihani mmoja anataka kulala, mwingine anataka taa iwake hadi alfajiri, na wote wana haki. Aliyepata supu, yaani mtihani wa kurudia, kwa kukosa usingizi siwezi kumwambia anadeka.

Ila utulivu huo una bei, na bei yenyewe hupigiwa hesabu mara chache. Tangu mwaka wa masomo 2022/23 fedha ya chakula na malazi ya Bodi ya Mikopo ni shilingi 10,000 kwa siku, kutoka 8,500. Mwenye mkopo wa asilimia zote anapata bumu, yaani awamu moja ya fedha hiyo, la 600,000 kwa siku 60. Haya, tuseme amepata chumba cha 80,000 kwa mwezi, choo cha kuchangia na wapangaji. Mwenye nyumba hataki mwezi mmoja, anataka miezi sita: 480,000. Zimebaki 120,000 za siku 60, yaani 2,000 kwa siku, na dalali hajapewa kodi yake ya mwezi mmoja. Akimpa, zimebaki 40,000. Bado godoro, bado umeme wa LUKU, bado daladala. Utaniambia bumu la pili litampa nafuu kwa kuwa kodi imeshalipwa. Ni kweli, lakini kabla ya la pili kuna siku 60 za la kwanza, na hilo la kwanza ndilo lenye tabia ya kuchelewa.

Hapo ndipo rumeti anapogeuka kuwa kitu kingine kabisa. Mwaka wangu wa kwanza mmoja wetu alikuwa anasubiri rufaa ya mkopo. Hakutuambia. Tuligundua kwa sababu kila tukifunua sufuria yeye alikuwa "ameshakula". Kuanzia siku ile aliyepika alipika kwa wanne, na dagaa waliotoka kwao Kigoma walipofika, tulikula wote hadi tukawachoka. Angekuwa peke yake getoni, nani angeiona sufuria yake?

Na kuna kubebana, yaani kumlaza mwenzako asiye na kitanda kwenye chako, jambo ambalo wakubwa hulitaja kwa kukunja uso. Rais Magufuli alipozindua hosteli za Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Aprili 2017, majengo 20 kwa shilingi bilioni 10, tuliambiwa zinachukua wanafunzi 3,840, wastani wa 192 kwa jengo. Hizo ni hesabu za vitanda. Kitanda cha deka kikilaliwa na wawili, mmoja kichwa huku mwingine kule, vyoo na maji haviongezeki, na hoja ya afya inayotolewa dhidi ya kubebana ni ya kweli. Lakini anayebebwa hakuja kufanya utundu. Amekosa kitanda, na ile 480,000 hana. Ukimfukuza usiku umelinda idadi ya kwenye karatasi, yeye bado hana pa kulala.

Kwa hiyo mzazi mwenye hela yake ampangie, simzuii. Mimi ningempeleka hosteli kwanza. Mwaka wa pili akitaka geto atakuwa anamjua dalali tapeli, na huenda ameshapata watu watatu wa kuchanga nao kodi.