Kobe, Sado 3

Swali la kwanza nililoulizwa kwenye usaili wa kuingia chuo kikuu, nikiwa na miaka 48, kitenge kimepigwa pasi mara mbili, lilikuwa hili:

"Mama, Kobe ni nani?"

Nilikuwa nimejiandaa. Wiki nzima kijana wangu alikuwa akinisaili pale uani huku anamaliza mboga yangu. Mama, mtaji ni nini? Mama, faida na mapato vinatofautianaje? Mama, uzee huu chuo unakitakia nini? Habari za kobe hakuzigusa. Nikajiambia hawa ndio wasomi, wanakuanzia mbali na mnyama, wakija kukufikisha kwenye uchumi umeshachoka.

"Kobe," nikasema, nimenyoosha mgongo, "ni kiumbe mvumilivu. Anakwenda polepole, lakini mzigo wake hautui..."

"Hapana, mama. Namaanisha huyu wa ukurasa wa 14."

Ngoja nirudi nyuma kidogo.

Mimi nauza dagaa Kibirizi, hapa Kigoma. Nanunua kwa beseni mitumbwi inaporudi asubuhi, naanika, nauza kwa sado, yaani kopo la kupimia, na kwa gunia, wengine wanapanda treni kwenda kuliwa Dar na watu wasiojua hata ziwa liko upande gani. Biashara hii inaendeshwa na mwezi. Dagaa hufuata taa, na taa ya mvuvi haina kazi mbalamwezi ikiwa imemulika ziwa zima. Kwa hiyo mwezi ukijaa wavuvi wanalala kwa wake zao, na sisi tunakaa. Ndiyo maana ukija kukopa kwetu ukasema utalipa mwisho wa mwezi, tunakuuliza mwezi upi, wa mshahara au wa juu?

Sasa 2024 serikali ikalifunga Ziwa Tanganyika miezi mitatu, tangu 15 Mei hadi 15 Agosti, samaki wapumzike wazaliane. Samaki walipumzika. Mimi nilikaa mbele ya chanja tupu nikihesabu misumari. Dagaa wachache niliokuwa nimewaweka stoo niliwauza kwa mkopo, maana hela haikuwepo kwa mtu yeyote, na kila aliyekopa nilimwandika kwenye kaunta buku langu. Majina ya watu siyajui, nawaandika ninavyowaona. Mwenye Pikipiki Nyekundu. Mama Presha. Mlokole Mfupi. Yule Anayesema Muamala Umekwama.

Ndipo kijana wangu akaja na habari kwamba hata mtu mwenye cheti kama changu cha kidato cha nne, kile ambacho hakitolewi mbele ya wageni, anaweza kuomba shahada kwa njia wanayoiita RPL. Wanapima ulichojifunza kazini na maishani. Kuna mtihani, halafu unapeleka potifolio, yaani jalada la ushahidi kwamba unayosema unayajua, unayajua kweli. Chuo chenyewe cha kusoma ukiwa kwako. Nikasema potelea mbali, ziwa limefungwa, acha nifungue kichwa.

Mama yangu alicheka mpaka akakohoa. Yeye alijulia kusoma kwenye kisomo, Mwalimu Nyerere alipoutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Halafu 1973 akaingia kikundi cha Mtu ni Afya. Mnakaa chini ya mwembe, redio moja, mmoja anasoma kitabu, mnajadiliana habari za malaria na kuhara, wiki 12, halafu mnakwenda kuchimba vyoo.

"Nyinyi mnapeleka makaratasi," akasema. "Potifolio yetu sisi ilikuwa choo. Mkaguzi anakuja, anachungulia shimoni, anaondoka. Hapo utamdanganya nini?"

Sikumjibu. Choo chake kilidumu hadi mimi naolewa.

Mtihani nilifanya, nikafaulu, sitausimulia kwa sababu hakuna kilichoharibika. Kilichoniponza ni potifolio, au niseme kilichoniponza ni kupenda vya bure. Nilikusanya kila kitu. Picha zangu nikiwa kwenye chanja, cheti cha semina ya VICOBA, vile vikundi vya kuweka na kukopa, karatasi za mizigo niliyopakia, barua ya mwenyekiti wa mtaa ya kunithibitisha. Nikaenda steshenari Mwanga kwa yule kijana mwenye mashine ya kutoboa na kufunga pete za plastiki. Akaniambia, "Mama, ukifunga mawili, kava la pili bure."

Kaunta buku langu la madeni lilikuwa limechoka, kurasa zinadondoka kama meno ya mtoto wa darasa la kwanza. Nikalitoa kwenye mkoba. Akayafunga yote mawili, kava la bluu mbele, la bluu nyuma. Yakapendeza kama mapacha wa Idi.

Chuo kilitaka nakala tatu pamoja na ile halisi ya kulinganishia. Nikampa moja kati ya yale mawili atoe kopi. Nilikuwa naongea na simu, sikufunua. Nikalipa, nikatia kwenye bahasha ya kaki, nikaifunga kwa gundi na selotepu kama anayezuia pepo, nikaipeleka. Kisha nikamwachia biashara binti wa dada yangu, nikajifungia ndani kujifunza faida na mapato.

Tumefika kwenye ukurasa wa 14.

Wasaili walikuwa watatu. Katikati mama mmoja dokta, miwani imening'inia kwa mnyororo shingoni. Kushoto kijana mwembamba na kompyuta yake. Kulia bwana mmoja wa makamo ndani ya koti kubwa, anasoma karatasi yake ameinama kama anaitafuta sindano. Dokta akavaa miwani akasoma kwa sauti ile ya kusoma taarifa ya habari:

"Kobe, sado 3. Kasema mwisho wa mwezi. Hajasema mwezi gani."

Joto lilianzia kwenye visigino likapanda. Nikaangalia mezani: makava matatu meupe ya kopi, na la bluu pale katikati. Mwandiko wangu. Hata doa la mawese la ukurasa wa kwanza walikuwa wamelitoa kopi, limekuwa jeusi.

"Mbele yake," akaendelea, "kuna Mama Presha, sado 1, asiguswe anaumwa. Halafu Mlokole Mfupi, nusu gunia, anasema Bwana atatoa. Mama, sisi tulidhani ni mtindo wa kuandika. Tukasema labda ni utafiti, amewaficha wahojiwa majina."

Kijana wa kompyuta alikuwa anauma mdomo.

Mtu mwenye akili hapo angesema samahani, nimekosea kitabu. Mimi mdomo ulikuwa umeshawekewa ufunguo na wiki nzima ya mazoezi, na kijana wangu alinifundisha kwamba swali lolote ukiulizwa, jibu kwa kujiamini na utoe mfano. Nikajibu kwa kujiamini.

"Kobe ni mteja," nikasema. "Jina lake silijui. Anakuja jioni, traksuti, kofia imeshuka hadi kwenye nyusi. Alichukua sado 3 mwezi wa tano ziwa linakaribia kufungwa. Tangu siku hiyo, akiniona sokoni anaingiza shingo ndani ya kola. Hivi."

Nikatoa mfano. Nilipandisha mabega, nikazamisha kidevu kwenye kitenge, nikaacha macho tu.

Na nilipokuwa kwenye mkao huo, macho yakiwa usawa wa meza, nikamwona yule bwana wa kulia. Shingo hakuwa nayo. Koti lilikuwa limemeza kila kitu hadi masikioni, na juu yake vimebaki vipara viwili vya pembeni vinang'aa.

Tukaangaliana, kobe wawili.

Hakuna aliyesema kitu. Feni ilikuwa inazunguka na kugonga, ta, ta, ta. Kisha sauti ikatoka ndani ya koti, ya chini, yenye adabu zote za chuo kikuu:

"Dokta, naomba kujitoa kwenye usaili huu. Nina mgongano wa maslahi."

"Maslahi gani?"

"Sado 3."

Yule kijana alitoka nje. Alisema anakwenda kupokea simu, ila simu aliiacha mezani.

Dokta hakucheka. Huyu mama sijui amelelewa wapi, alipindua kurasa kama anasoma tasnifu. Akaniuliza zile herufi za pembeni ni za nini. Nikamweleza: L ni amelipa, N ni njiani, M ni Mungu anajua.

"M ziko nyingi kwenye miezi ya ziwa kufungwa."

"Zilikuwa nyingi zaidi. Nyingine nilizirudisha N walipoanza kuvua. Mtu akiwa M simkopeshi tena, na nikipiga hesabu ya nilichonacho, simhesabu."

"Benki hizo wanaziita mikopo chechefu," akasema, akaandika kitu. "Jumla ya wanaokudai... samahani, unaowadai, inafika ngapi?"

"Laki 4, elfu 86 na mia 5. Bila M."

Kijana alikuwa amerudi, macho mekundu. Akajumlisha kwenye kompyuta, akapata pungufu ya elfu 3. Akarudia. Akapata yangu. Nakiri hapo nilijisikia, nikakaa vizuri kwenye kiti kama mtu aliyekuja na potifolio.

"Mama," dokta akasema, "haya yote mazuri, lakini siwezi kupeleka juu faili lenye Mlokole Mfupi. Tuna watu wengine hadi mchana. Ukiniletea jalada lenyewe kabla ya saa nane, tunaendelea. Na hizi kopi chukua zote, usiniachie hata moja, nusu ya watu humu nawafahamu."

Nikatoka mbio. Pale barazani Kobe alikuwa amekaa kwenye benchi, shingo imerudi, simu mkononi.

"Mama, nitajie namba yako nitume sasa hivi."

"Baba, ngoja kwanza," nikamwambia. "Rushwa nimezoea kusikia ikitoka kwa mwanafunzi kwenda kwa mwalimu. Hii ya kurudi nyuma sheria yake siijui."

Bodaboda aliyenichukua aliniuliza nani kafariki, kwa nilivyokuwa namhimiza. Tulifika Kibirizi vumbi hadi kwenye kope. Binti wa dada yangu alikuwa kwenye kigoda, dagaa mbele yake, kalamu sikioni, na mapajani, limefunuliwa vizuri katikati, potifolio yangu.

"Mamdogo, usaili umekuwaje?"

"Hilo umelitoa wapi?"

"Si uliliacha mezani? Nilijua umetengeneza daftari jipya. Nikaona lina picha zako, nikasema eh, mamdogo sasa kama zile kalenda za wabunge."

Tangu nilipompa biashara alikuwa anaandika madeni humo. Kwa usafi wake wote, mbele hakugusa, aliandika nyuma ya kila karatasi palipokuwa peupe. Nyuma ya picha yangu niliyosimama na beseni: Fundi Cherehani, sado 1. Nyuma ya cheti cha VICOBA, watu wanne wa Gungu, mmoja kachukua na chenji. Kuna ukurasa ulikuwa na magamba ya dagaa yamegandia, yanameremeta ukiugeuza kwenye jua. Nilitafuta ufutio, lakini binti alitumia kalamu ya wino, anapenda vitu vinavyodumu kama bibi yake.

Saa nane kasoro kumi nilikuwa tena mbele ya meza ile. Walibaki wawili. Dokta akalipokea, akalinusa kidogo bila kusema, akaanza kufunua. Picha, sawa. Cheti, sawa. Karatasi za mizigo, akazisoma moja moja akitikisa kichwa ile ya kukubali. Mimi namwomba Mungu asigeuze. Akafika kwenye barua ya mwenyekiti wa mtaa, yenye muhuri, akaisoma kwa sauti:

"Namthibitisha mama huyu kuwa ni mwaminifu, mchapakazi, na kwamba mtaa mzima unamtegemea."

Akaitazama kwenye mwanga, maana wino ulikuwa umepenya. Akaigeuza.

"Mwenyekiti, sado 2. Kasema andika tu."

Akashusha miwani hadi puani, akachukua kalamu.

"Hii tuiwekeje, mama? L, N au M?"

"Weka N, dokta," nikasema. "Uchaguzi wa serikali za mitaa ni mwezi ujao."

"Mwezi upi?"