Fulana za Lahaina: nani anazivaa, na kwa niaba ya nani?

Moto ulioteketeza mji wa Lahaina, katika kisiwa cha Maui huko Hawaii, tarehe 8 Agosti 2023, uliua watu 102 na kuharibu majengo zaidi ya 2,000. Siku chache tu baadaye fulana zenye maneno "Maui Strong", yaani Maui ni imara, zilikuwa zinauzwa. Msemo huo una ukoo wake: ulivuma Boston mwaka 2013, kwa umbo la "Boston Strong", baada ya mabomu ya mbio za marathoni, wanafunzi wawili wa chuo walipochapisha fulana ili kuwachangia majeruhi, kisha Houston ikauchukua mwaka 2017 baada ya kimbunga Harvey.

Wanaozitetea fulana hizi wana hoja. Sisi tuliolelewa ndani ya kanga hatuhitaji kuelezwa kwamba kitambaa huweza kusema lile ambalo mdomo unaona haya kulitamka. Mzaliwa wa Lahaina anayeishi mbali na kisiwa, akimwona mtu asiyemjua amevaa fulana ile, hupata pa kuanzia salamu, na pengine pa kulilia. Kwa upande wa fedha hoja ni dhaifu zaidi. Mfuko wa Maui Strong, ulioanzishwa na taasisi ya Hawaii Community Foundation, ulikusanya zaidi ya dola milioni 100, na aliyetaka kuchangia angeweza kupeleka fedha zake huko moja kwa moja, bila kukatwa gharama za pamba, wino na usafirishaji. Muuzaji anayeahidi "sehemu ya mapato" bila kuitaja sehemu hiyo ni ngapi hajaahidi kitu.

Linalonisumbua zaidi ni neno lenyewe. Kumwita imara mtu ambaye amepoteza nyumba ni kumsifu kwa kuvumilia, na anayesifiwa kwa uvumilivu huona vigumu kudai. Isitoshe, msiba huu haukuwa wa maumbile peke yake: upepo ulikuwa mkali, ni kweli, lakini uchunguzi uliotolewa Oktoba 2024 ulionyesha kwamba chanzo kilikuwa nyaya za umeme zilizokatika, na maeneo yaliyozunguka mji yalikuwa yamejaa nyasi kavu zilizoota kwenye mashamba ya miwa yaliyotelekezwa. Hakuna hata kimoja kati ya hayo kinachosomeka kifuani.

Hata hivyo, wenyeji waliweza kuligeuza neno hilo kuwa lao. Kundi liitwalo Lahaina Strong lilipiga kambi katika ufuo wa Kaanapali, mbele ya mahoteli, mnamo Novemba 2023, likasimika fimbo za kuvulia samaki mchangani kwa kuwa kuvua ufukweni ni haki ya kila mtu, na kudai kwamba nyumba zinazokodishwa watalii kwa siku chache wapewe waathirika wapange kwa muda mrefu. Jina lilelile lililokuwa pole likawa dai lenye anwani. Mei 2024 Meya Richard Bissen alipendekeza kukomesha ukodishaji huo katika nyumba takriban 7,000, na wenye nyumba wengi wakapinga wakisema kwamba uchumi wa kisiwa utaanguka.

Hapo ndipo fulana inapokuwa na maana mbili zisizokaa pamoja. Mtalii aliyeinunua kwa huruma ya kweli, akaivaa asubuhi akitoka kwenda ufukweni, huenda alilala usiku huo katika mojawapo ya nyumba hizo 7,000.